Sekunde Nne za Sauti Yangu

Mwanangu Nasra,

Assalaam alaykum. Umetoka kwenda kuaga, na mzunguko wako naujua: kwa shangazi yako, kwa wale wazee wa nyuma ya msikiti, kisha kwa somo yako wa hapa hapa Jadida, ambako watakulisha mpaka ushindwe kutembea. Kwa hivyo muda ninao. Nimeshasali alasiri na nimekaa kwenye meza ile ninayosahihishia madaftari. Nimechana karatasi za katikati ya daftari la mazoezi, nisamehe kwa mistari.

Habari za kula, kuvaa na kuchagua marafiki nazipita. Shangazi yako kesha kukuambia zote, na zile alizosahau atakupigia simu kukukumbusha, tena wakati umo darasani. Mimi nina jambo moja tu. Nimelijua tangu Jumatatu na leo ni Jumamosi. Siku zote hizo tumekula sahani moja, ukaniuliza mara mbili, "Mama, una nini?", nikakujibu kichwa kinaniuma. Hakikuwa kichwa.

Ile sauti uliikata wewe.

Nimeandika hayo, nikanyanyuka nikaenda kunywa maji, nikarudi. Umenisaliti, Nasra. Nimetafuta neno jepesi zaidi nimelikosa. Kesho unaondoka kwenda kusomea ualimu, kazi yangu, kazi uliyoniambia umeipenda kwa kuniona mimi naifanya, na mimi sijui kama nitaweza kukusindikiza bandarini na moyo mweupe. Ndiyo maana naandika. Nikisema kwa mdomo nitalia au nitapiga kelele, na jirani wetu wa ukuta wa pili ana masikio mazuri.

Nitakueleza nilivyojua, usije ukadhani kuna mtu kakuchongea. Ulipopata simu mpya ulinipa yako ya zamani, ukasema umeshafuta kila kitu, iko safi. Ulifuta picha. Mafaili ya sauti hukufuta. Walipotupeleka semina ya TEHAMA siku tano ulinicheka kwamba nimerudi na cheti na fulana, lakini nilirudi pia nikijua kufungua pale simu inapoweka vitu vyake na kuvipanga kwa tarehe. Jumatatu nilikuwa natafuta nafasi ya kuweka vipindi vyangu vya kusoma. Nikakuta mafaili mawili ya siku moja, yamefuatana. La kwanza lilikuwa la dakika moja na kitu, ni ujumbe mzima niliomtumia Bi Mize. La pili lilikuwa la sekunde nne. Uliliita "mama kuchi".

Hebu nilisimulie tangu mwanzo, kwa sababu wewe umelijua kwa upande wako tu, na mimi kwa miaka miwili nimelijua kwa upande usiokuwa wa kweli.

Unakumbuka upepo ulipong'oa mabati ya skuli yetu kule Mgogoni, na madarasa ya wadogo yakaambiwa yabaki nyumbani mpaka paa lirudi. Fikra ya kusomesha kwa simu ilikuwa ya Bi Mize. Ni shoga yangu tangu tukiwa chuo cha ualimu, na skuli ile tumesomesha pamoja miaka kumi na minne, meza zetu zimegusana. Yeye alisema wazee wa wanafunzi wengi wana simu, na wasiojua kusoma wanajua kusikia, basi tutume masomo kwa sauti kwenye grupu la darasa la tatu. Kila siku baada ya alasiri nilikuwa nakaa hapa hapa nikisoma polepole kwa Kiswahili changu cha darasani, na wewe ukisimama dirishani kufukuza kuku wasiingie kwenye somo. Tulicheka sana siku zile. Nayasema hayo ili ujue kwamba sijayasahau.

Grupu linaonesha nani kasikiliza na nani hakusikiliza. Nikawa naangalia kila siku, na nilichokiona kilinitia hasira. Wazee wenye kazi zao za ofisini, mmoja wao mwalimu mwenzetu, walikuwa hawafungui. Mzee Faki, baba yake Mayasa, mkwezi wa mikarafuu, mtu ambaye barua ya skuli humpelekea jirani amsomee, alikuwa anafungua kila somo. Simu yake ilikuwa na kioo kilichopasuka kila upande. Nilipita kwake siku moja nikamkuta amekaa barazani bado ana vumbi la mtini, ameishika simu sikioni mwa mtoto kwa mikono miwili.

Jioni ile ile nikamtumia Bi Mize sauti. Nilikuwa na hasira na nilisema kama tunavyosema nyumbani. Sasa ninayo tena, nimeisikiliza mara nyingi wiki hii, na neno kwa neno ilikuwa hivi: "Babaake Mayasa mjinga kuchi yule, skuli haijui hata mlango wake, na ndiye pekee anunuaye bando kila wiki mwanawe asikie. Hawa wenye vyeti vyao hata hawafungui. Mie mzee yule nnamstahi, Mize. Wallahi nnamstahi kuliko siye sote." Halafu nikaendelea na habari za mabati.

Nataka ulielewe hilo neno mjinga, kwa sababu hukuwahi kuliuliza. Bibi yako, mama yangu mimi, alijifunza kusoma akiwa na watoto watano. Alikuwa akienda darasa la kufuta ujinga na wanawake wenzake, na mimi nikimfuata nimebeba kibao chake. Wenyewe walijiita wajinga, bila ya aibu, maana yake mtu ambaye hajasoma bado. Bibi yako akirudi alikuwa akisema, "Leo ujinga umepungua herufi tatu." Mimi neno hilo nimelinyonya hapo, na mdomoni mwangu halikuwa tusi. Lakini hapa ndipo kosa langu la kwanza, na sitalificha. Mimi ni mwalimu. Najua kwamba watu wa leo wakisikia mjinga wanasikia mpumbavu. Tena Mzee Faki anasoma Kurani vizuri kuliko mimi, kahitimu chuoni, madrasa ya kwao, akiwa kijana mdogo, na mimi kwa kuwa hasomi herufi za skuli nilimwita mtu asiyesoma. Hata kwa kumsifu, sikumsifu vizuri.

Wewe ulichukua yale maneno matano ya mwanzo. "Babaake Mayasa mjinga kuchi yule." Basi.

Kwa nini ulifanya hivyo nakisia tu, kwa sababu hujanieleza. Nakisia ulichekeshwa na hiyo kuchi. Mama yako anayewakatia wanafunzi alama wakiandika kuchi badala ya sana kwenye insha, kumbe akiwa na shoga yake ni Mpemba kama mwengine yeyote. Ukaona wenzio wa skuli watacheka, na kweli ilikuwa ya kuchekesha. Simu yangu ilikuwa mezani haina namba ya siri, kwa sababu nyumba hii hatukuwahi kufungiana kitu, na mimi nilikuwa naona mtu anayefunga simu yake mbele ya watu wake ana jambo. Ukajitumia, ukakata, ukaiweka stetasi. Stetasi inakaa siku moja tu, ulijiambia. Sijui ni nani kati ya wenzio aliyeipenda akaichukua. Siku ya tatu ilikuwa kwenye grupu la darasa la tatu.

Nikaiona nikiwa na kisu mkononi, nakata mchicha. Sauti yangu mwenyewe, na chini yake vile vikatuni vya kucheka, na mzee mmoja kaandika, "Haya ndiyo wanayotusema." Niliisikiliza mara sita nikidhani kuna sehemu nyengine inakuja.

Asubuhi yake nilikwenda kwa Mzee Faki. Alikuwa anaanika karafuu juu ya jamvi, akasimama kunipokea, akanitandikia mkeka, akamwambia mkewe alete kahawa. Nikamweleza kwamba imekatwa, kwamba mwisho wake ulikuwa mwengine, kwamba nilikuwa namsifu. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Halafu akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Mwalimu, hukunena uwongo. Mie mjinga, kila mtu ajua. Lakini aliyeifungua ni Mayasa. Alidhani darasa."

Nilikunywa kahawa ya mtu niliyemdhalilisha mbele ya mwanawe, nikaaga. Wiki hiyo hiyo akamhamisha Mayasa akampeleka skuli ya kijiji cha pili, mwendo wa karibu saa nzima kwa miguu, na mtoto yule mapafu yake unayajua. Hakunigombeza hata siku moja. Tukikutana njiani ananisalimia kwa adabu zote, ananiita mwalimu.

Ule ujumbe mzima ungeniokoa. Ningeuchezesha mbele yake pale pale mkekani. Lakini mimi nilikuwa nimeshaufuta, kwa sababu simu ilikuwa inajaa na kila wiki nafuta. Nikamwendea Bi Mize nikamwambia anipe wa kwake. Akasema na yeye kaufuta, simu yake haina nafasi hata ya picha za wanawe. Ile sababu niliyojipa mimi nikaikubali, ile ile alipoisema yeye nikaona ndio ushahidi wenyewe. Sauti ilitoka kwangu ikaenda kwake peke yake, sasa iko kwa kila mtu, na yeye kafuta. Nilijiona hodari wa kufikiri.

Nikamtamkia hayo katika chumba cha walimu, mbele ya wenzetu wote. Sitaki kukuandikia nilichosema. Alikuwa anasahihisha, akaifunga kalamu yake, akasema, "Mungu ajua, Raya," akatoka. Mwisho wa muhula akaomba uhamisho akapelekwa Makangale. Mama yake alipofariki sikwenda kuhani. Watu waliniuliza nikasema naumwa. Nasra, mama yule wa Bi Mize ndiye aliyenilea siku arubaini nilipokuzaa wewe, nikamkosea kwa kitu ambacho sikukichunguza hata kidogo. Na mwezi ule ule nilikuwa nikiwafundisha watoto kwamba wakisikia habari waulize kwanza nani kaisema, kampa nani, na kilichokuwemo kabla yake ni nini. Niliandika maswali hayo ubaoni kwa chaki ya rangi.

Na wewe ulikuwepo. Hilo ndilo ninalolirudia nikiwa peke yangu. Uliniona narudi kutoka skuli siku hiyo, ukanivua viatu. Ulinipikia uji. Uliniona namfuta Bi Mize kwenye simu, nakata ile picha yetu ya harusi ya mdogo wake katikati kwa mkasi. Ile faili nzima ilikuwa mfukoni mwako. Ulikuwa na uwezo wa kunyoosha mkono tu, nami ningerudi kwa Mzee Faki siku hiyo hiyo, na Mayasa angerudi darasani.

Nitakuwa mkweli kama ninavyotaka wewe uwe. Siku moja ulisema, "Labda si yeye, mama." Ulikuwa unakuna nazi, hukuniangalia. Mimi nikakurukia: kama si yeye ni nani basi, nitajie. Ukaendelea kukuna. Wiki hii nimeikumbuka siku hiyo vizuri, na nimeona ulikuwa umefungua mlango kidogo nami nikaupiga teke. Hilo ni langu. Lakini nilipiga teke mara moja, na wewe ulikuwa na miaka miwili ya kugonga tena.

Mwaka ule simu ilinila. Huwezi kukumbuka yote kwa sababu nilikuwa najificha. Nikitoa salamu ya sala ya alfajiri mkono unakwenda kwenye simu kabla ya dua, niangalie kama ile sauti imerudi, nani kaandika nini, nani kaona nilichoandika akanyamaza. Nikawa najua nani yuko hewani saa ngapi. Niliunguza wali mara sijui ngapi, ukala bila ya kusema. Nikaanza kwenda nayo darasani, naiweka ndani ya kitabu cha mahudhurio. Siku moja mtoto mmoja, yule binti mwenye kigugumizi aliyehangaika na herufi mwaka mzima, alikuja mezani kwangu na daftari lake akasimama. Alikuwa ameandika sentensi yake ya kwanza isiyo na kosa hata moja. Nilikuwa nasoma ugomvi wa watu wazima kwenye grupu. Nilipoinua uso alikuwa keshakwenda kukaa, na daftari kalifunga. Nilimwita, akaja, nikamsifu, nikampa vema kubwa kwa kalamu nyekundu. Lakini ilikuwa imeshapoa, na sote wawili tulijua.

Hapo ndipo nilipoanza kuiacha simu kwa mwalimu mkuu, kwenye mtoto wa meza, mpaka saa ya mapumziko. Walimu wenzangu walinicheka. Wiki ya kwanza mkono ulikuwa unatafuta mfukoni wenyewe. Sikuambii na wewe ufanye hivyo. Nakuambia tu kwamba nimekuwa mwalimu miaka mingi na sentensi ile moja iliyonipita naikumbuka kuliko mamia niliyoyasahihisha.

Sasa nifike Alhamisi. Nilikuambia nakwenda Konde kununua khanga. Nilipanda gari mpaka Makangale. Nilimkuta Bi Mize uani kwake anamenya muhogo, amekonda, amevaa miwani. Nilikaa chini kwenye mchanga, nikamwambia nimejua si yeye, nikamwomba msamaha, nikamtajia na kule kutokwenda kuhani msiba wa mama yake. Nikangoja anifukuze. Yeye akaendelea kumenya, halafu akasema, "Nlijua."

Nikamuuliza anajua nini. Akanieleza. Wiki ile ile niliyomtamkia katika chumba cha walimu, wewe ulikwenda kwake na sare yako ya skuli, ukalia juu ya mkeka wake mpaka ukatapika, ukamwambia ni wewe. Ukamwapisha asiniambie. Akaapa.

Nasra, sijui nikuandikie vipi nilivyosikia hapo. Nilidhani nimekwenda kumpa mtu habari, kumbe habari nilikuwa siijui mimi peke yangu. Nikamuuliza kwa nini. Alikuwa mtu mzima, ana akili, kwa nini amkubalie mtoto. Akanijibu bila ya kuinua kichwa: "Ulikuwa hushikiki, Raya. Na baba wa mtoto kafa, mko nyie wawili tu. Mie ukinchukia nna kwangu n'takwenda. Yeye angekwenda wapi?"

Nikamwambia na yeye kanisaliti. Nilimwambia hivyo hivyo, nimekaa kwenye mchanga wake baada ya kuja kumwomba msamaha. Mlikaa wawili mkaamua kwamba mimi siwezi kuambiwa kweli, mkanistiri na kuniacha nimdhulumu mtu, nikawa kama mgonjwa anayefichwa ugonjwa wake na watu wa nyumba. Bi Mize hakukasirika. Alisema huenda ni kweli. Akanitilia muhogo na papa. Nikasema sili. Halafu nikala, kwa sababu nilikuwa sijala tangu jana yake, na kwa sababu muhogo wake ni ule ule.

Tumepatana, nadhani. Ataniambia mwenyewe baada ya muda. Kitu kimoja alinieleza ambacho kilinituliza kidogo, nacho ni kwamba ulimwendea bila ya kuitwa na mtu. Ulikuwa msichana wa sekondari na ulitembea jua la saa saba kwenda kusema kweli kwa mtu aliyeumia. Ila ulikosea mlango. Ulimwambia yule ambaye hangekufanya kitu.

Unakwenda kuwa mwalimu wa wakati huu. Utapewa semina, utafundishwa kutengeneza vipindi vyenye picha na sauti, utajua mambo ya simu na kompyuta kuliko mimi nitakavyojua milele, na nitafurahi. Hilo la vyombo sina wasiwasi nalo. Lakini iko siku utakuwa na watoto arubaini mbele yako, na mmoja atasema kitu cha kuchekesha, au atasoma neno vibaya kwa namna ambayo hata wewe utaumwa na mbavu. Na simu itakuwa karibu. Nakuomba siku hiyo umkumbuke Mayasa ameiweka sikioni, anangoja darasa lianze. Sikuombi kitu kingine kuhusu simu. Usiku na mchana utapanga mwenyewe, utakosea na utarekebisha, kama mimi.

Simu yangu sasa ina namba ya siri. Niliiweka Jumatatu. Utaiona ukitaka kupiga kesho, na nilitaka uisome hapa kwanza. Zamani ningesema ni aibu kumfungia mwanangu. Bado kidogo naona aibu. Lakini nimejifunza kwamba ndani ya simu ya mwalimu hamna mambo yangu tu, mna watoto wa watu na wazee wao, na hao hawakuniruhusu kuwaacha mezani. Namba hiyo sitakupa. Huenda nitakupa siku moja.

Kabla hujaondoka nataka kitu. Ile faili nzima ninayo, na Ijumaa baada ya sala nitakwenda Mgogoni kwa Mzee Faki niichezeshe mbele yake yote, na mabati yake na kila kitu. Lakini sauti yangu peke yake haitoshi, kwa sababu atauliza nani kaikata, na mimi sitamjibu. Nimewasemea watu vya kutosha. Unirekodie sauti yako umwambie wewe. Usimwandikie, maana itabidi jirani amsomee na ataaibika mara ya pili. Mwambie jina lako, mwambie u mwana wa nani, mwambie ulichofanya. Ukikwama katikati, ukikohoa, ukilia, acha vyote vibaki humo. Usikate chochote.

Akikataa kusamehe, ana haki. Akimrudisha Mayasa, nitakupigia wewe kwanza. Vyovyote atakavyosema nitakuambia kama alivyosema, sitapunguza.

Na sasa mimi. Nimeandika mpaka hapa nikidhani hasira itapungua, imepungua kidogo tu. Nakupenda, hilo halijabadilika hata Jumatatu. Nilikupenda nikiwa nimeishika ile simu. Nina uchungu na wewe na nakupenda, na vyote viwili vitakuja bandarini.

Asubuhi kabla ya kutoka utakuja kuniomba radhi, kama kila mwana anayesafiri. Leo umepita nyumba kwa nyumba na maneno yale yale: nisamehe kama nimekukosea. Kwa shangazi yako yanafaa, hujamkosea kitu ila kumkimbia akianza hadithi zake. Kwangu usije nayo. Njoo unitazame, useme umekosea nini. Ukija na hiyo "kama", nitakubebea begi, nitakupungia mkono mpaka meli ipotee, na utakuwa umeondoka mikono mitupu. Ukiiacha hiyo "kama" nje ya mlango, radhi zangu unazo kabla hujamaliza kusema.

Mama yako